Tamko la 1961, Azimio la 1967 na Mkulima wa Babati

Azimio la Arusha la 1967 linafundishwa katika kila darasa la siasa. Maandishi mengine yaliyotoka Arusha Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, husifiwa sana na kuchambuliwa kidogo. Hayo ni Tamko la Mwalimu Nyerere juu ya wanyamapori.

Tamko linasema wanyamapori ni sehemu ya maliasili yetu, na kwamba tumepokea dhamana ya kuwatunza kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Msimamo huo ni sahihi. Kasoro inaanza pale linapotaja mahitaji ya kazi yenyewe: utaalamu, watu waliofunzwa, na fedha, kisha linayageukia mataifa mengine yashirikiane nasi. Mkulima na mfugaji hawatajwi hata mara moja. Miaka sita baadaye TANU ilikataa kuifanya fedha msingi wa maendeleo, ikataja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kwa nadharia hiyo, anayelala huku tembo wako mlangoni angehesabiwa wa kwanza.

Atasema ndugu mmoja kwamba Tamko lililenga kuwatuliza wageni waliohofia kuwa Mwafrika akijitawala atawamaliza wanyama. Huenda. Lakini maneno ya kumtuliza mgeni hayatoshi kuwa nadharia ya kuongozea hifadhi za Taifa.

Tazama hali halisi ya hapa kwetu. Hifadhi ya Tarangire ilitangazwa mwaka 1970. Kiangazi wanyama hukusanyika kwenye Mto Tarangire. Mvua zikinyesha hutoka, wengine wakaelekea Simanjiro, wengine Ziwa Manyara kwa kupitia Kwakuchinja. Yaani nyumbu na pundamilia wa Taifa hula nyasi za vijiji kwa miezi kadhaa kila mwaka, na hakuna idadi ya askari itakayolinda njia hizo bila ridhaa ya wanavijiji. Jumuiya ya Hifadhi ya Burunge, iliyoanzishwa rasmi mwaka 2006, imeikaribia fikra ya 1967: vijiji vimetenga ardhi na vinapata sehemu ya mapato ya utalii. Imeikaribia tu, maana kanuni za mgao hutungwa Wizarani.

Lugha nayo inafichua mengi. Kanuni za 2011 zinampa aliyeharibiwa shamba malipo yaitwayo kifuta jasho, na waliofiwa kifuta machozi. (Majina matamu kweli!) Fidia ni haki, na mtu huidai. Kifuta jasho ni hisani, na mpokeaji hutarajiwa kushukuru. Tembo wakilisaga shamba la mahindi usiku mmoja, jasho la msimu mzima limepotea, na mwenye tembo ni umma.

Wenzetu wanaoandaa masomo ya siasa wayaweke maandishi haya mawili katika somo moja, na wanafunzi wanaotoka Mwada na Minjingu waulizwe kwanza.