Kwa Nini Emsley Aliufunga Ule Mdomo?

Picha ya Catherine, mke wa Mwanamfalme William, aliyoichora Paul Emsley, iliyozinduliwa National Portrait Gallery jijini London Januari 2013, mmeiona, na mnajua ninakoelekea. Nywele amezimudu, hasa zinapoangukia begani. Giza la nyuma nalo halina tatizo. Sifa zimeishia hapo. Twende kwenye mdomo.

Mwanamke huyu dunia inamfahamu kwa meno. Akicheka, mashavu yanapanda, macho yanafinyika, uso mzima unashiriki. Tena mwenyewe aliomba achorwe alivyo kawaida yake, si kirasmi. Emsley akaufunga mdomo! Pembe zake akazipandisha kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka kichekesho yuko msibani.

Kufunga mdomo peke yake si dhambi. Hata Mona Lisa kaufunga. Kosa ni kufunga, kisha kulainisha. Kicheko cha kweli kinashika misuli ya sehemu mbili: msuli unaovuta pembe za mdomo juu na ule unaozunguka jicho. Duchenne, daktari Mfaransa, alishalieleza hilo mwaka 1862. Ukificha meno, basi, mzigo wote unahamia machoni: chini ya jicho lazima pavimbe, na mikunjo ya pembeni ionekane. Emsley amepapaka hapo hapo rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, hadi kingo zote zimeyeyuka. Hata rangi ya macho akaibadili kidogo ipatane na nguo. Macho yameachishwa kazi, mdomo nao umefungwa. Nani sasa atabasamu?

Nimeshalia na picha za kamera katika safu hii, na leo nalia tena. Emsley alikaa na Catherine mara mbili, kisha akaendelea kwa kutazama picha alizopiga. Kamera inakupa tabasamu lililokwisha kukamilika, wakati mchoraji analihitaji linapochipuka.

Frans Hals, mchoraji wa Haarlem, hakuhitaji somo hili. Yule bwana wake wa mwaka 1624, maarufu kwa jina la Laughing Cavalier, naye kafunga midomo, lakini masharubu yamepinda juu, brashi imeacha alama zake wazi, na unaona kabisa kuna neno la utani linakuja. Picha yake nyingine, Malle Babbe, ndiyo kabisa: kicheko chake unakaribia kukisikia. Naye Élisabeth Vigée Le Brun alijichora akiwa na binti yake, meno yakichungulia, akaipeleka picha kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1787. Wakubwa walinuna. Hakujali.

Emsley si mchoraji dhaifu. Alishinda BP Portrait Award mwaka 2007 kwa picha ya kichwa cha mchoraji mwenzake, Michael Simpson, na alistahili. Lakini Simpson alikuwa na uso wa mtu mzima, wenye mikunjo ya kutosha kuuhimili ulaini ule. Catherine alikuwa na miaka 30 alipokaa mbele yake. Mikunjo hakuwa nayo; alikuwa na meno.