Katika Kuchagua Pikapu ya Koili Moja

Mpiga gita la umeme atakaye kubadili pikapu za ala yake, yaani vile visanduku vidogo vilivyolazwa chini ya nyuzi vikaugeuza mtetemo wa chuma kuwa umeme, aghalabu huanza kwa kuuliza ipi yenye nguvu zaidi, na swali hilo humpoteza njia tangu hatua ya kwanza. Katika pikapu za koili moja uzuri wa sauti ulitokana na fundi kujua pa kukomea, na asiyelizingatia jambo hili huenda akatoa fedha nyingi akaikosa ladha ile ile aliyoitafuta.

Na tuitazame kazi iliyofanywa na Leo Fender na wenzake huko Fullerton, California, walipolitoa gita la Stratocaster mwaka 1954. Katika kila pikapu walisimamisha sumaku sita zenye umbo la vijiti, kila moja chini ya uzi wake, nazo ni za alniko, madini ya chuma yaliyochanganywa na alumini, nikeli na kobalti. Kisha wakazizungushia waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko takriban 8,000. Uzi ukitetema juu ya sumaku huitikisa nguvu iliyomo ndani ya koili, na mtikisiko huo huzaa umeme dhaifu ambao amplifaya huupokea na kuukuza. Kadiri mizunguko inavyozidishwa ndivyo umeme huo unavyozidi. Walakini koili iliyoshiba waya huzikinza sauti za juu zisipite, na ule mng'ao wa noti, ambao ndio hasa uliomvuta mnunuzi, hufifia. Katika bendi zetu za dansi, ambamo gita la solo na gita la ridhim hujibizana bila ya moja kulifunika jingine, mng'ao huo ndio unaozitenga sauti mbili zisisikike kama watu wanenao kwa wakati mmoja.

Kampuni ya Gibson ilishika njia nyingine kwa pikapu yake ya P-90 ya mwaka 1946: mizunguko yapata 10,000 katika koili pana, na sumaku mbili bapa zilizolazwa chini yake, nguvu yake ikipandishwa kwa skrubu hata kuzifikia nyuzi. Sauti yake ni nene, ina mkwaruzo, na amplifaya ikisukumwa sana huunguruma kwa namna ipendezayo. Sina haja ya kuilaumu, maana ni ala njema kwa kusudi lake. Ila atakaye sauti ya Stratocaster asidhani kuwa ataipata kwa kuijaza waya koili yake mpaka ikaribie tabia ya P-90.

Wauzaji hupenda kutaja omu, kipimo cha ukinzani wa waya, na hapa hadhari inahitajika. Pikapu ya Stratocaster ya asili hupima karibu na omu 6,000, na ya P-90 karibu na 8,000, na mnunuzi huichukua tarakimu kubwa kuwa dalili ya nguvu kubwa. Lakini waya ukifanywa mwembamba zaidi omu hupanda hata kama mizunguko haikuongezwa. Kwa hiyo kipimo hicho hufaa kulinganisha pikapu mbili za muundo mmoja na waya mmoja, na nje ya hapo hakina ushahidi wa kutegemewa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Mwaka 1954 uzi wa tatu wa gita ulikuwa wa kuzongwa, na kwa sababu hiyo sumaku yake ilifanywa ndefu, ilhali ya uzi wa pili ilifupishwa. Leo wapigaji walio wengi hutumia uzi wa tatu usiozongwa, nao juu ya sumaku ile ndefu hupaza sauti kuliko jirani zake. Atumiaye nyuzi za sasa achague sumaku za kimo kimoja, hata kama muuzaji anazisifu zile za kale kwa ukale wake.

Ama mvumo wa umeme, ambao katika nchi zetu ni wa mitetemo 50 kwa sekunde na Marekani 60, hiyo ni tabia ya koili moja, kwa kuwa hunasa kila kinachopita hewani. Seth Lover wa Gibson aliutibu mwaka 1955 kwa koili mbili zinazopingana, lakini tiba yake ilichukua sehemu ya mng'ao. Kwa mwenye pikapu tatu iko njia nyepesi: achague ya kati iliyozungushwa kinyume, yenye sumaku iliyogeuzwa, na kila atakapoiunganisha na jirani yake mvumo utanyamaza.

Kabla ya kununua chochote, ewe msomaji, chukua bisibisi. Pikapu iliyo karibu mno na nyuzi huzivuta kwa sumaku yake, na noti hupepesuka kana kwamba gita halikutiwa sawa. Bonyeza nyuzi kwenye kigawanyo cha mwisho, kisha ishushe pikapu hata ibaki nafasi ya milimita 2 chini ya uzi mwembamba na kama milimita 2.4 chini ya uzi mnene. Piga, sikiliza, na ikiwa bado huridhiki, hapo ndipo uende dukani.