Mtungi Ndani ya Buti

Ukipanda teksi Dar es Salaam na begi lako likakosa nafasi nyuma, jua buti limekaliwa na mtungi. Gari hilo lilitoka kiwandani likinywa petroli. Sasa linakwenda kwa gesi asilia, ile iliyogunduliwa kisiwani Songo Songo mwaka 1974 na kuanza kutumika jijini mwaka 2004.

Wengi huuogopa mtungi huo kwa kuufananisha na wa jikoni. Gesi ya kupikia hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na ikivuja hutuama sakafuni. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, hupaa. Lakini ili itoshe ndani ya gari lazima ishindiliwe hadi presha ya bar 200 hivi, karibu mara 90 ya upepo wa tairi la gari dogo. Ndiyo maana chuma chake ni kinene, na fundi anayekufungia mtungi usio na cheti cha upimaji ni wa kukimbiwa.

Kazi ya kufunga mfumo wa gesi haifumui injini. Bomba jembamba hutoka mtungini hadi chini ya boneti, kwenye kipunguza presha. Gesi inapotanuka hupoa hadi kutaka kugandisha kifaa, hivyo hupitishiwa maji ya moto yanayopooza injini. Kwa hiyo gari huwashwa kwa petroli kwanza. Maji yakishapata moto, kompyuta ndogo hufunga nozeli za petroli na kufungua za gesi. Dereva haoni tofauti, labda gari huwa zito kidogo mlimani, kwa kuwa gesi hula nafasi ya hewa. Plagi ni zilezile. Injini ya dizeli haina plagi, na gesi hii haijiwashi kwa mgandamizo kama dizeli. Ndiyo maana bajaji na teksi za petroli zilibadilishwa kwa urahisi. Daladala za dizeli zikahitaji kazi kubwa zaidi.

Hadi hapo fundi amemaliza. Hesabu ya mwenye magari ndiyo kwanza inaanza. Mtungi wa chuma wa lita 60 hubeba kama kilo 10 za gesi, na kilo 1 ina nishati ya takriban lita 1.5 za petroli. Yaani ni lita 15 tu. Teksi inayoshinda barabarani itarudi kujaza kila siku, na kwa miaka mingi vituo vya jiji vilihesabika kwa vidole. Kwa maoni yangu tulitanguliza mitungi, vituo vikafuata kwa kusuasua. Dereva aliyechoshwa na foleni hubonyeza swichi, akarudi kwenye petroli, na gharama ya kufunga mfumo ikachelewa kurudi.

Kama una magari kumi na unataka kuyabadili, usianzie gereji. Nenda kwanza kwenye kituo kilicho karibu na yadi yako, jioni, uhesabu magari yaliyo mbele ya pampu.