Herufi haiwezi kuamua malipo ya mkulima

Wandugu, leo nakosoa kitu ambacho wengi wetu tunakitumia bila kukiona: namna hifadhidata inavyochagua triga gani ifanye kazi kwanza, kama jedwali moja liko na triga mbili ao zaidi. Mutasema: huyu eko agronome, anatafuta nini mu informatike? Jibu ni fupi. Siku hizi mizani, mahindi na makuta ya mkulima vyote vinapita mu jedwali. Hatuwezi kuwaachia wenye ordinateri peke yao.

Kwanza tuelewane. Triga ni kipande cha programu kinachokaa ndani ya hifadhidata na kuamka chenyewe kila mara mstari unapoingizwa, kubadilishwa ao kufutwa. Hakuna mtu anayekiita. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo hatari yake.

Tuchukue mfano wa kooperative ya mahindi. Mkulima analeta kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, lakini bei imepangwa kwa mahindi ya asilimia 13. Wenye kusoma agronomi munajua hesabu: maji yanatoka, sehemu kavu inabaki. Kilo 82 kavu, gawanya kwa 0,87, unapata kilo 94,25. Kama bei ni franga 1 000 kwa kilo, mkulima anapata franga 94 250.

Sasa jedwali lina triga mbili, zote za kuamka kabla mstari haujaandikwa. Moja inaitwa kausha_uzito: inarekebisha kilo. Nyingine inaitwa hesabu_malipo: inazidisha kilo kwa bei. Mu PostgreSQL, triga za aina moja kwa tukio moja zinafuatana kwa alfabeti ya majina yao. H inakuja mbele ya K. Basi malipo yanahesabiwa juu ya kilo 100, kiisha uzito unashuka kuwa 94,25. Mstari unaandikwa vizuri, hakuna ujumbe wa kosa, na franga 5 750 za maji zimelipwa. Zidisha kwa mifuko 200 kama ile: franga 1 150 000. Nani anazilipa? Sanduku la wote. Maana yake, mama aliyeanika mahindi yake mpaka yakakauka anamlipia yule aliyeleta mahindi mabichi.

Na musiseme shida ni Kiswahili. Andika majina kwa Kifaransa, calcul_paiement na correction_humidite: bado malipo yanatangulia. Alfabeti haijui kilimo mu luga yoyote.

Tuwe wa haki. Kanuni rasmi ya SQL inasema triga zifuatane kwa tarehe ya kuundwa. Wenye PostgreSQL waliacha kanuni hiyo wakijua, juu waliona jina ni rahisi zaidi. Wana sababu: jina unaliona, tarehe ya kuzaliwa ya triga huioni ukisoma kodi yake. Unaweza pia kubadilisha jina bila kubomoa kitu. Lakini hapo ndipo ninapokataa. Jina ni la kumwambia msomaji kitu kinafanya nini. Likibebeshwa kazi ya pili ya kimyakimya, kijana mpya anayefika na kusafisha majina tu, kwa nia nzuri, anabadilisha malipo ya watu. Hata namba zina mtego: triga_10 inatangulia triga_2, juu herufi zinalinganishwa moja moja.

SQL Server ya Microsoft nayo imefika nusu ya njia. Inakuruhusu kutaja triga ya kwanza na ya mwisho. Za katikati hazina ahadi yoyote. Tena ni kwa triga zinazoamka baada ya kuandika tu. Na ukibadilisha triga iliyopewa nafasi kwa kutumia ALTER TRIGGER, nafasi inapotea, lazima uipange upya. Mlinzi gani huyu anayesahau zamu yake kila akibadilisha shati?

Kwangu, waliosema vizuri zaidi ni Oracle, tangu toleo la 11g, na MySQL, tangu 5.7. Hapo unaandika FOLLOWS, yaani "inafuata", kiisha unataja triga inayotangulia. Ni sentensi, mtu anaisoma na kuelewa: malipo yanafuata ukaushaji. MySQL ya zamani haikuruhusu hata triga mbili za wakati mmoja kwa tukio moja. Lakini hata hapa, ukifuta triga na kuiunda tena bila lile neno, MySQL inaipeleka nyuma ya zote. Sentensi ni nzuri pale tu mtu anapokumbuka kuiandika.

Juu ya hiyo, naona swali la "nipange triga namna gani?" mara nyingi limechelewa. Kama hatua ya pili haina maana bila ya kwanza, hizo si kazi mbili, ni kazi moja yenye hatua mbili. Ziweke ndani ya triga moja, mstari chini ya mstari: kausha, kiisha hesabu. Hakuna atakayezigeuza kwa kubadilisha jina. Njia nyingine: tangu PostgreSQL 12 ya mwaka 2019, malipo yanaweza kuwa safu inayojihesabu yenyewe, uzito mara bei. Safu hiyo inahesabiwa baada ya triga za kabla ya kuandika kumaliza kazi. Mpangilio unalindwa na hifadhidata yenyewe.

Triga nyingi ziachwe kwa kazi zisizotegemeana: moja inaandika nani aligusa mstari, nyingine inatuma taarifa. Hizo zikipishana, hakuna anayelala njaa.

Basi wewe unayefanya stage ao kazi fasi yenye mizani na ordinateri: omba orodha ya triga za jedwali la malipo. Ukikuta zaidi ya moja, uliza ipi inaamka kwanza, na imeandikwa wapi. Wakikujibu "inatembea tu vizuri", chukua mfuko mmoja wa mahindi mabichi, upige hesabu kwa mkono, ulinganishe.