Nyoka wa Kitochi

Taneli Armanto alipoiundia Nokia 6110 gemu ya Nyoka mwaka 1997, hakumweka adui. Unakula, unarefuka, unakwepa ukuta na mkia wako mwenyewe. Utotoni Mkange niliicheza kwenye kitochi cha bibi mpaka aninyang'anye kuokoa chaji. Chuoni nikapakua toleo la rangi kwenye simujanja: nikifa, natazama tangazo, nafufuka. Baada ya wiki nikalifuta, nikidhani nimekua.

Likizo hii simu yangu ilizima. Bibi akanipa kitochi: “Mara moja tu, mume wangu.” Nilifika mbali, kisha nikajing'ata mkia, moyo ukinidunda. Kumbe sikuichoka gemu; nilichoka kucheza bila cha kupoteza.