Tuta Lililojificha Chini ya Mikoko

Siku ya tatu ya bamvua, maji yalipokwisha kupwa, tulishuka kwenye hori moja upande wa Micheweni, kisiwani Pemba, tukiwa watu wanne: mpimaji, kijana wa kushika futikamba, mzee mmoja wa pale pale, na mimi niliyekwenda kuangalia tu. Mpimaji alikuwa na kifaa cha satelaiti shingoni, daftari ndani ya mfuko wa nailoni, na fimbo ya mkandaa aliyoitia alama za rangi kila nusu mita. Picha ya angani tuliyoichapa mjini ilionyesha mikoko mitupu, kijani kimoja kutoka mlango wa hori hadi kwenye bonde la mpunga. Mzee akaishika ile karatasi, akaigeuza juu chini, akacheka.

"Mwanangu, hapa pana tuta. Mimi nimelichimba."

Tukainama, tukapita chini ya matawi. Kwa hatua thelathini sikuona kitu ila matope na mizizi. Kisha mguu ukapanda. Ardhi iliinuka kiasi cha goti, ikashuka tena upande wa pili, na mwinuko ule ukaendelea mbele yetu umenyooka, unyoofu ambao bahari haina. Mchu ulikuwa umeota juu yake. Kaa walikuwa wameutoboa kama chujio. Mpimaji alichokora kwa kisu, akatoa kipande cha jiwe la matumbawe, kisha kingine, vimepangwa kimoja juu ya chenziwe. Futikamba ilitandazwa.

Kazi niliyoishuhudia asubuhi ile haina jina zuri katika lugha yetu. Wataalamu husema kuainisha na kuchora ramani ya pwani zilizojengewa, maneno yanayomfanya mtu apige miayo. Lakini ukiitazama inavyofanyika, ni kazi ya kuuliza swali moja kila baada ya hatua chache: hapa palifanywa na bahari au na mtu? Ikiwa ni mtu, alitumia nini, alitaka kuzuia nini, na alichokijenga kingali kinazuia? Majibu ni mafupi. Kuyapata ndiko kunakotoa jasho.

Pemba swali lile la kwanza lina mtego wake. Mwamba wa asili ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, na kuta tunazojenga, za zamani na za jana, ni za jiwe hilo hilo. Bahari huula mwamba kwa chini mpaka ukabaki umening'inia kama paa la baraza. Ukuta wa kale nao, chokaa yake ikishalambwa na maji, huanza kuning'inia vivyo hivyo. Ukiwa ndani ya ngalawa, mbali kidogo, hutajua kipi ni kipi. Mpimaji wangu alinifundisha kutia kidole katikati ya mawe. Palipojengwa, hata chokaa ikiwa imekwisha, utakuta mawe yamekaa kwa safu na yamebanwa na vijiwe vidogo. Mwamba hauna safu. Kidole ndicho chombo chake cha kwanza, na satelaiti huja baadaye.

Ujuzi wenyewe una historia nje ya visiwa vyetu. Mwaka 1979 kisima cha mafuta cha Ixtoc kilipasuka katika Ghuba ya Meksiko, na Wamarekani wakawa na siku chache tu kabla ya mafuta kufika pwani ya Texas. Wakachora ramani iliyopanga fukwe kwa daraja, kutoka zile ambazo mafuta hayaziumizi sana hadi zile ambazo yakiingia hayatoki. Ngazi ile, ya 1 hadi 10, ingali inatumika. Mikoko imo daraja la 10, juu kabisa. Ukuta wa zege unaopigwa na mawimbi ya bahari kuu umo daraja la 1, pamoja na majabali, kwa kuwa wimbi lenyewe huuosha. Lakini ukuta ule ule ukiuweka ndani ya hori lililotulia unaruka hadi daraja la 8. Kwa hiyo ukuta wa bandari ya Wete, ndani ya ghuba yake yenye visiwa mlangoni, na ukuta kama huo upande wa mashariki unaoelekea bahari wazi, hazikai fungu moja hata zikiwa za fundi mmoja. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi hii. Haikubali kulitaja jiwe bila kuyataja maji yanayolipiga.

Wenzetu wanaopima kando za maziwa makuu wana unafuu. Ziwa halipwi wala halijai kila siku. Mstari wa maji unaouona asubuhi utaukuta jioni. Linapopanda hupanda kwa miezi, kama Ziwa Victoria lilivyopanda hadi Mei 2020 kipimo cha Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Pemba, wakati wa bamvua, maji hupanda au kushuka karibu mita 4 kwa saa sita. Kwenye fungu la mchanga mwembamba, mita 4 za kwenda juu ni mamia ya mita za kwenda mbele. Pwani sasa ni ipi? Ramani za mabaharia huanza nchi kavu kwenye alama ya bamvua, na kina cha maji huhesabiwa kutoka pale maji yanapokupwa kabisa. Kati ya mistari hiyo miwili kuna nchi nzima ya watu: wanawake wa mwani, wachokoa pweza, madau yaliyolala ubavu. Na matuta yetu mengi yamo humo humo.

Maana tunachokijenga zaidi Pemba si kuta za zege. Zipo kwenye bandari, Mkoani na Wete, na gati ya Wesha inajulikana. Kilicho kingi ni tuta la udongo, mawe na vijiti, lililochimbwa kwa majembe na watu wa kijiji kuzuia maji ya chumvi yasiingie bonde la mpunga. Hesabu ya serikali ya mwaka 2012 ilitaja maeneo 148 ya Zanzibar yaliyoingiliwa na maji ya chumvi. Kati ya hayo, 123 yako Pemba. Kisiwa hiki, chenye mahori mengi kuliko vidole, kimepigana na bahari kwa jembe, na vita hivyo havionekani kutoka juu.

Si kwamba droni haina faida. Tangu 2016 Kamisheni ya Ardhi na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walipoanza kurusha ndege zile ndogo juu ya Unguja na Pemba, mpimaji ana picha ambazo Kapteni Owen, aliyepima mwambao wetu kwa meli Leven na Barracouta katika miaka ya 1820, asingeziota. Paa la nyumba linaonekana, mtumbwi unaonekana. Ila droni huona majani ya mkoko, haioni miguu yake. Atakayechora kwa kukaa ofisini ataandika "mikoko ya asili" juu ya tuta, na kazi ya watu hamsini itafutika kwa rangi moja ya kijani.

Turudi horini. Tuta lilikuwa limekatika mahali pawili, na maji yaliyobaki yalikuwa yakitiririka humo kurudi baharini. Nyuma yake, palipokuwa na mpunga, paliota mikandaa michanga. Mpimaji akaandika katika safu ya hali: *limekufa*. Akamsomea mzee, kama ilivyo desturi yake, na nadhani ni desturi bora kuliko vifaa vyake vyote.

"Halijafa hilo," mzee akasema. "Limetoboka. Tupate watu ishirini na udongo wa kichuguu, Ijumaa mbili basi."

Wakabishana. Mpimaji akaionyesha mikandaa: bahari imekwisha kuchukua chake, na kulifunga tuta leo ni kuikausha miti hii. Mzee akajibu kwamba mpunga nao ulikuwa hai. Sikujua nimuunge mkono nani, na hata sasa sijui. Ninachojua ni kwamba tuta lililoandikwa *limekufa* hakuna atakayekuja kuliangalia tena, ilhali lililoandikwa *limetoboka* huingia kwenye hesabu ya matengenezo. Neno moja la penseli. Mpimaji alisimama matope yakimfika kwenye ugoko, maji yakianza kujaa, akafuta, akaandika: *limetoboka mahali pawili, mikandaa michanga nyuma*. Yote mawili. Ndipo tukatoka, kwa haraka, maana bamvua haimsubiri mtu aandike.

Wewe uliyezaliwa Pemba na unalijua tuta alilochimba babu yako, lisilo na jina wala alama, mpeleke mpimaji maji yakipwa, umwonyeshe linaanzia wapi na linaishia wapi. Nenda na mzee anayelikumbuka, wakati bado yupo.