Kabla ya Nirvana, sikiliza Pixies

Ukiniuliza uanzie wapi na roki mbadala, sikutajii Nirvana. Anza na Pixies wa Boston, albamu yao Surfer Rosa ya 1988. Siku ya kwanza nilidhani spika yangu imekufa: ubeti unanong'ona, besi ya Kim Deal inatembea peke yake, mara magitaa yanalipuka na Black Francis anapiga ukelele kama aliyemwagiwa maji ya moto. Halafu kimya tena.

Kurt Cobain mwenyewe alikiri mwaka 1994 kwamba alipotunga "Smells Like Teen Spirit" alikuwa anajaribu kuwaiga. Hata In Utero (1993) alimpelekea Steve Albini, yule yule aliyeirekodi Surfer Rosa.

Shida ni waliokuja nyuma yao. Walibeba kimya na kishindo, wakauacha uchizi: vile visa vya Biblia, kile Kihispania cha kuungaunga, na utani wote. Ndiyo maana roki nyingi ya redioni ya mwisho wa miaka ya tisini inanichosha. Kiitikio kitalipuka lini? Unajua kabisa, bwana. Kwa Pixies mimi bado nashtuka.

Ukimaliza hiyo nenda Doolittle (1989), kisha Rid of Me ya PJ Harvey, kazi nyingine ya Albini. Ila sauti usipandishe mapema.